Mjadala: Mauaji ya wazee ni tamaa ya shamba tu?

Ndugu zangu, juzi tulipozungumzia wazee wanaouawa huku Kilifi kwa kushukiwa uchawi, mmoja wetu alikata kauli: "Hakuna uchawi wala nini, ni watoto wanataka shamba." Wengi mkamuunga mkono. Mwingine akaongeza kwamba kudharau wazee ni mambo ya Wazungu, kwetu penye wazee haliharibiki neno. Naomba nipinge yote mawili. Anayeona nimekosea anioneshe ni wapi.

Shamba limo, sikatai. Ardhi nyingi ya huku ni ya ukoo, na anayetaka kuuza kipande sharti ampitie mzee. Lakini wenye tamaa hiyo huwa mmoja, wawili. Jirani aliyesikia kelele usiku na mama aliyekuwa akimpelekea mzee uji hawagawiwi hata hatua moja ya shamba hilo. Mbona nao hunyamaza? Mimi naona hapo ndipo pa kuchimba.

Miaka michache iliyopita nilikuwa matangani. Kijana wa bodaboda, umri wake 23, alikuwa amegongwa na lori usiku, na taa ya pikipiki yake ilikuwa mbovu. Hilo lilijulikana na kila mtu. Siku ya tatu, chini ya mwembe, maneno yakaanza kupita chinichini: hiki si kifo cha Mungu, kuna mkono wa mtu. Jina halikutajwa, ila macho yote yalimwendea babu mmoja wa ukoo ule, aliyeketi mkekani, kichwa cheupe kama pamba. Mtu akakumbuka kwamba mzee aliwahi kumwambia marehemu "utakuja kuona". Ni mzazi gani hajamwambia mwanawe hivyo? Siku ile ikawa ushahidi.

Wiki iliyofuata nilipita kwake. Nilimkuta uani, mjukuu wake akimpaka piko kichwani, taratibu, huku akimfuta kwa kitambaa palipochuruzika hadi sikioni. Mzee alikuwa ametazama chini. Mtu amejaliwa kufika miaka 70 na ushei, naye inambidi afiche mvi ili alale salama.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma wanasaikolojia wanasemaje. Baadhi yao huanzia kwenye hofu ya kifo. Mzee anakuonesha mwili wako wa kesho: magoti yanayokataa kupanda ngazi, mkono unaotetemeka kwenye kikombe, na mwisho wenyewe. Kwa kuwa hilo halibebeki, akili humsogeza mbali, humfanya mtu wa aina nyingine kabisa. Ongeza kwamba moyo wa mwanadamu haukubali msiba usio na mwenyewe. Kijana akifa ghafla tunatafuta wa kulipa, na aliyekwisha kusogezwa mbali ndiye wa kwanza kuonekana. Ndiyo maana utasikia ikisemwa kwamba mzee fulani "anakula umri wa watoto", kana kwamba miaka ni ugali wa sahani moja.

Anayesema chanzo ni ushirikina peke yake namwomba aitazame Meatu, Usukumani, kule Tanzania. Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti wake wa huko, akaonesha kwamba miaka ya ukame au mafuriko mauaji ya walioitwa wachawi yalifikia kama mara mbili ya miaka mingine, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Waliouawa walikuwa hasa akina mama wazee, na wauaji kwa kawaida walikuwa jamaa zao. Imani ya uchawi ilikuwepo hata miaka ya mvua nzuri. Kilichopungua ni chakula, na nyumbani ikaanza kuhesabiwa nani anakula bila kulima. Huko macho mekundu huchukuliwa kuwa dalili ya uchawi. Bibi aliyepika miaka 50 kwenye moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, macho yake yatakuwa ya rangi gani?

Na hili la Wazungu. Neno wanalotumia kwa ubaguzi huu wa kuwadharau wazee, "ageism", lilitungwa mwaka 1969 na daktari Robert Butler, baada ya wakazi wa mtaa wa watu wenye uwezo mjini Washington kukataa wazee wapewe makazi karibu nao. Kwa hiyo wanao, kweli. Mwanasaikolojia Susan Fiske na wenzake wameonesha kwamba watu humwona mzee kuwa mpole lakini asiyejiweza, na anayeonwa hivyo huhurumiwa na kusahaulika. Sisi tunamheshimu mzee wa kwenye methali na wa kwenye kikao cha posa. Yule wa kona ya nyumba, asiye na pensheni, anayerudia hadithi moja kila jioni, tunamwendea mwezi wa Desemba, tena kwa haraka. Kijana aliyekulia Mombasa akimwona babu yake siku nne kwa mwaka, atamjua saa ngapi hata amtetee akisingiziwa?

Basi nawauliza mliowahi kukaa matanga ya namna ile. Neno lilipoanza kupita, yupo aliyesimama akasema "jamani, ni lori"? Mimi nilikuwepo, na lori nililiona kwa macho yangu likiwa bado pembeni ya barabara, na sikusema. Kama yupo aliyesema, nataka kujua alijibiwa nini.