Msaada wakuu: daktari wa kifundo cha mguu kwa Dar anapatikana wapi? Bi mkubwa mguu umevimba hauishi

Mbagala_Kwetu
Habari zenu wakuu. Naomba kuuliza kwa anayejua, hapa Dar kuna daktari wa mguu tu, namaanisha yule ambaye kazi yake ni unyayo na kifundo, sio mifupa ya mwili mzima? Bi mkubwa wangu, yaani mama, mguu uliteleza akishuka kwenye bajaji kabla ya Ramadhani kuanza, hata hakuanguka, akaendelea na safari zake kama kawaida. Kesho yake mguu wa kushoto umevimba kuanzia kifundoni mpaka juu ya unyayo. Tukampeleka hospitali moja ya jirani wakapiga eksirei wakasema mfupa mzima, ameteguka tu, wakampa dawa za maumivu na bandeji ile ya kuvutika tukarudi nyumbani. Sasa Idi imeshapita na uvimbe uko palepale, ngozi imevutika inang'aa, ukiugusa una joto kabisa kuliko mwenzake, ila cha kushangaza yeye anasema hauumi kivile, anaenda nao sokoni Rangi Tatu na kurudi kwa miguu. Mama mkubwa kaleta mzee wa kukanda, anamkanda kwa mafuta halafu anauloweka kwenye maji ya moto yenye chumvi. Mimi roho haitulii. Nikitafuta mtandaoni naletewa madaktari wa miguu wa Marekani na Uingereza, sasa mimi niende huko na nini. Hela ipo kidogo na bima anayo ya NHIF kupitia kwa dada. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Tandika
Pole sana kijana na mpe pole bi mkubwa. Ukweli ni kwamba kwetu hapa hutakuta kibao barabarani kimeandikwa daktari wa kifundo, hiyo kazi iko chini ya daktari bingwa wa mifupa, wale wanaofanya oparesheni za mifupa, na ndani yao wapo waliojikita zaidi kwenye mguu na kifundo, ila lazima uulize. Ngome yao kubwa ni MOI pale Upanga ndani ya eneo la Muhimbili, ile taasisi ya mifupa iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Ila usikurupuke kwenda moja kwa moja kama sio dharura, wewe uko Mbagala, anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke, muone daktari wa mifupa pale, akiona inamzidi atakuandikia rufaa ya kwenda juu. Na bima nayo uiulize mapema kama inataka hiyo karatasi, maana kurudishwa dirishani na mgonjwa unamshika mkono ni adha kubwa.

Mimi nilivunjika kisigino, nilidondoka kwenye dari ya nyumba nikipaua. Kilichonisaidia ni pale mapokezi nilipouliza "nani kati ya madaktari wenu anaona zaidi kesi za mguu na kifundo na anakaa kliniki siku gani". Hawakukasirika, wakanitajia siku, nikaja siku hiyo. Mtu anakaa foleni asubuhi nzima kumuona yeyote aliyepo halafu anaambiwa rudi wiki ijayo yule wa mguu atakuwepo, kisa hakuuliza.

mama_pacha
Mimi nitaongelea watoto kidogo samahani kama natoka nje ya mada. Kwa anayesoma hapa na ana mtoto mchanga aliyezaliwa nyayo zimepinda kuingia ndani, nenda hospitali ya CCBRT Msasani mapema, usisubiri akue. Mmoja wa pacha wangu alikuwa hivyo, wanaunyoosha mguu taratibu kwa mkono na kuufunga POP, ile plasta ngumu, kila wiki wanabadilisha, halafu kuna kukata kidogo ile kano ya nyuma ya kisigino, halafu viatu maalumu vyenye fimbo katikati. Ile njia inaitwa Ponseti. Viatu vya usiku ndio mtihani maana inatakiwa mtoto aendelee navyo mpaka miaka minne au mitano, majirani wanakuambia mvue mtoto unamtesa, usiwasikilize. Mwanangu anakimbia anampita pacha wake.

Kaka Mbagala nakuombea bi mkubwa apone.

FizioMoshi
Habari Mbagala_Kwetu. Mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, niko Moshi. Kabla hatujafika kwenye jina la daktari naomba unijibu haya: bi mkubwa ana sukari? Kama anayo, ana miaka mingapi nayo? Nyayo zake zina ganzi, mfano ndala ikimvuka anajua? Na ana kidonda chochote, hata kidogo katikati ya vidole?

Mbagala_Kwetu
Daah umejuaje. Ana sukari ndio, muda mrefu, tangu mimi niko shule ya msingi. Ganzi anayo, ndala inamvuka barabarani sisi ndio tunamwambia mama ndala. Kidonda nimeangalia sasa hivi kwa tochi hana. Homa hana. Pale hospitali hakuna aliyemuuliza habari za sukari, na sisi hatukusema kwa sababu tuliona mguu ni mguu na sukari ni sukari.

FizioMoshi
Asante kwa kujibu haraka. Sijamuona kwa macho kwa hiyo sisemi ndio huo ugonjwa, ila maelezo yako yananifanya nikuombe leo hii mama asitembee tena na huo mguu. Simaanishi apunguze, asiukanyagie kabisa. Tafuta magongo, na kama hana nguvu za magongo azima wilichea, akienda chooni ashikiliwe.

Nieleze kwa nini. Mtu mwenye sukari ya muda mrefu mishipa ya fahamu ya miguuni inakufa, ndio hiyo ganzi. Akijigonga kidogo tu, mfupa unapata ufa ndani au kano inachanika, mtu mwingine angechechemea akapumzika lakini yeye hasikii maumivu ya kutosha, anaendelea kutembea. Mguu unawaka ndani, mifupa inakuwa laini, kila hatua inaiponda na kuisogeza. Ikiachwa, upinde wa unyayo unashuka, mguu unageuka umbo, katikati ya unyayo kunatokeza kwa chini kwa mviringo kama yai, hapo ndipo kidonda kinapoanza, na kidonda cha sukari ndicho kinachopeleka watu kukatwa. Madaktari wanaita Charcot, jina la daktari Mfaransa wa karne ya 19 aliyeeleza habari za viungo kuharibika hivi kwa watu walioumia mishipa ya fahamu. Dalili yake kubwa ndio hiyo uliyoandika mwenyewe: umevimba, una joto kuliko mwenzake, na maumivu hayalingani na uvimbe. Na mwanzoni eksirei inaweza kutoka safi kabisa! Kwa hiyo hiyo eksirei ya mwanzo isikupe amani, inatakiwa irudiwe, ikiwezekana apige akiwa amesimama kwa muda mfupi tu na daktari ndiye aamue hilo, na wakiwa bado na mashaka kuna MRI, kipimo cha picha kinachoona ndani zaidi ya eksirei.

Mambo mengine yanayofanana nayo ni maambukizi, gauti, na damu kuganda kwenye mshipa wa mguu, ndio maana lazima aonwe na mtu, sio kutibiwa na sisi huku. Akipata homa, kutetemeka, kidonda au mguu ukibadilika rangi, hiyo ni dharura, nenda usiku huohuo bila kusubiri rufaa.

Na maji ya moto tafadhali yakome leo. Mtu mwenye ganzi hajui maji yamemuunguza. Nimeona ngozi ya unyayo imetoka nzima na mgonjwa anasema hakusikia kitu.

KobaziNyeusi
Jamani wazee wa kukanda msiwaseme vibaya, bibi yangu kakandwa kifundo akapona na hospitali walishindwa. Sio kila kitu hospitali.

FizioMoshi
Ndugu KobaziNyeusi sijamsema vibaya mzee wa watu. Kifundo kilichoteguka kawaida kwa mtu asiye na ganzi kinapona chenyewe wiki kadhaa, ukikandwa utapona na usipokandwa utapona, wengine wanahitaji mazoezi ya kusimama mguu mmoja ili kisiteguke tena. Huyu mama sio huyo. Mguu wenye joto na ganzi ukiukanda unasogeza mifupa ambayo tayari imelegea. Hilo siwezi kulipindisha kwa ajili ya heshima.

Nesi_Upanga
Nakubaliana na fizio kwa kila neno. Mbagala_Kwetu, mimi nitakusaidia upande wa dirishani kwa sababu ndipo watu wanapokwama. Ukifika usiseme "mama kateguka mguu", ukisema hivyo utapelekwa foleni ya walioteguka. Sema "mama ana sukari miaka mingi, mguu mmoja umevimba una joto na hauumi, tunaogopa mifupa". Hayo maneno yanabadilisha nani atamuona na lini. Nenda na filamu yenyewe ya eksirei, au CD kama walikupa, sio ile karatasi ya majibu peke yake, maana daktari wa mifupa anataka aione kwa macho yake. Beba kadi ya sukari, dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, na kiatu anachovaa kila siku ndio kitu watu wanasahau, kile kiatu kinaeleza mguu unakanyagaje.

Mama wa namna hii anahitaji watu wawili kwa pamoja, daktari wa mifupa na kliniki ya sukari, kwa sababu mguu hautulii kama sukari inapanda na kushuka. Muhimbili ipo kliniki ya sukari na MOI iko hapohapo kwa hiyo akipewa rufaa usipoteze nafasi, omba aandikiwe kote. Tanzania hii imetoa mafunzo ya miguu ya sukari kwa madaktari na manesi wa mikoani tangu miaka ya 2000 kwenye mpango ulioitwa Step by Step, wapo watu wanaojua, usikate tamaa ukikutana na wa kwanza asiyejua. Daktari akiwa wa sukari na anajua kazi yake atamvua mama viatu VYOTE VIWILI na soksi, atagusa mguu huu na ule kulinganisha joto, atampima ganzi kwa uzi mgumu wa nailoni na kutafuta mapigo ya damu juu ya unyayo. Akikuandikia dawa bila kuugusa mguu, tafuta mwingine.

Na ukipelekwa kwa daktari binafsi ambaye humjui, jina lake uliza kwa Baraza la Madaktari Tanganyika kama kasajiliwa, huo ni mzigo mdogo ukilinganisha na mguu.

Mzee_wa_Tandika
Haya ndio mambo ya kujifunza. Mimi nilikimbilia kusema MOI MOI kumbe swali la kwanza lilikuwa sukari. Kijana ukihitaji magongo yangu yapo, yamekaa tu nyuma ya kabati, niandikie inboksi tuonane Tandika.

Mbagala_Kwetu
Wakuu nimerudi. Mzee wa Tandika Mungu akulipe, magongo tulichukua ila mama yakamshinda, tukapata wilichea ya kuazima msikitini. Temeke tuliingia na yale maneno ya nesi kama yalivyo, daktari aliyekuwa zamu akamvua viatu vyote viwili kabla hata hajauliza jina vizuri, akarudia eksirei na safari hii kuna mfupa katikati ya unyayo umeanza kusogea kidogo. Akatupa rufaa siku hiyohiyo. Huko juu amefungwa POP mpaka chini ya goti, wamesema itabadilishwa baada ya wiki moja kwa sababu uvimbe ukishuka inalegea, halafu itaendelea kubadilishwa na inaweza kuchukua miezi, asikanyagie mpaka joto lilingane na mguu wa pili. Kliniki ya sukari amebadilishiwa dawa.

Shida iliyopo sasa ni mama mwenyewe. Anasema haumwi mahali, kwa nini afungwe, biashara yake ya vitumbua nani atamshikia. Jana nimemkuta kasimama jikoni kashika meza.

Nesi_Upanga
Alhamdulillah umewahi. Kuhusu kusimama, usibishane naye kwa maneno ya ugonjwa, mwombe daktari siku ya kubadilisha POP amuonyeshe filamu ya kwanza na ya pili pembeni kwa pembeni, mgonjwa akiona mfupa wake ulivyosogea anaelewa mwenyewe. Vitumbua mwekeeni kiti kirefu na jiko lisogezwe, achome akiwa amekaa.

FizioMoshi
Na mguu wa kulia muuangalie kila jioni kwa mwanga mzuri, chini ya unyayo na katikati ya vidole, kwa sababu sasa ndio umebeba mwili wote na nao una ganzi. Ukipata joto na uvimbe kama ule wa kwanza msisubiri siku ya kliniki. Pia POP ikianza kunuka, ikilowa, ikibana au vidole vikibadilika rangi mrudishe siku hiyohiyo, yeye hatasikia inapomchubua. Ikitoka atahitaji kiatu maalumu, uliza mapema kitengo cha viungo bandia na viatu tiba, wasikupe tarehe mbali ukaishia kumvalisha yeboyebo. Huku Moshi tunao mafundi wa hayo wanaosomea chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC tangu 1981, na wengi waliosoma hapa wako hospitali za huko Dar.

Mbagala_Kwetu
Nimeandika yote kwenye daftari. Kiti tumepata, cha fundi seremala jirani, kesho asubuhi anaanza kuchoma akiwa amekaa na mdogo wangu ndio atabeba beseni kupeleka kibandani.