Jukwaa la mafuta likibomolewa nchi kavu, uchafu wake unaishia wapi?

Nanga
Wakuu, sitaha ya jukwaa la mafuta la Brent Delta, tani 24,000, iling'olewa Bahari ya Kaskazini mwaka 2017 kwa mkupuo mmoja na meli Pioneering Spirit, ikapelekwa kubomolewa karibu na Hartlepool, Uingereza. Lengo lilikuwa angalau asilimia 97 irejelezwe. Hizo 3 zinazobaki ni kitu gani?

Chakavu
Mkuu, umegusa penyewe. Asilimia hupimwa kwa uzito, na chuma ndicho kizito. Kinakatwa, kinauzwa, kinayeyushwa, basi. Kazi yetu hapa yadini, yaani uwanja wa kubomolea, iko kwenye hicho kidogo kilichobaki: asbesto za kukinga moto, zebaki, rangi zenye madini ya risasi, na ile gamba ngumu inayoganda ndani ya mabomba kama chokaa ndani ya birika. Kome walioota miguuni nao huoza wakifika juani, harufu yake majirani wanaijua.

Nanga
Hiyo gamba ina shida gani?

Chakavu
Maji yanayopanda na mafuta hubeba radiamu, metali yenye mionzi, kutoka kwenye miamba. Yakipoa au yakichanganyika na maji ya bahari, salfeti ya bariamu huganda na kuinasa humo. Radiamu-226 huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Ukikata bomba kwa moto wa gesi bila kupima, vumbi lake linaingia kifuani mwa mkataji. Hapo siwezi kunyamaza, maana wakataji ndio wanaoharakishwa kuliko wote. Sisi huziba ncha za bomba, tunalitenga, kisha linasafishwa kwa maji ya shinikizo mahali penye kibali.

Mawimbi
Si bora wangezamisha tu?

Chakavu
Shell walitaka hivyo kwa Brent Spar, tangi kubwa la mafuta lililoelea baharini, mwaka 1995, wanaharakati wa mazingira wa Greenpeace wakalipanda, watu wakasusia vituo vya mafuta. Mwishowe vipande vyake vikawa msingi wa gati huko Mekjarvik, Norwei. Mwaka 1998 nchi za OSPAR, mkataba wa kulinda bahari ya Atlantiki ya kaskazini-mashariki, zikapiga marufuku kutupa au kuacha mitambo baharini, isipokuwa michache mizito sana, kama ile ya miguu ya zege, inayoweza kuombewa ruhusa.

Nanga, yadi ikikutajia asilimia, waulize mabomba yalipimwa ndani au nje. Kwenye mitambo ya gesi kuna risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi, na mionzi yake ni dhaifu, haipenyi ukuta wa chuma. Kipimo cha nje kitasoma salama.