Wauza injini za boti Dar, kwa nini mnatuficha injini imetoka wapi?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaipunguza. Hapa Dar kuna wauzaji wa injini za boti wanaokula kwa kuficha kitu kimoja tu: nani aliitengeneza hiyo injini. Wakishalificha hilo, mengine yanafuata yenyewe. Spea inakuwa ya oda kutoka Ulaya, bei inatajwa kwa dola, na mashua yako inalala mchangani kaskazi yote huku wenzako wanashusha samaki Feri.

Mashua yangu ina dizeli ya silinda nne niliyouziwa kama "injini maalumu ya baharini". Rangi mpya, kibao kipya chenye jina la kampuni iliyoifunga kwa matumizi ya bahari. Gasketi ya hedi ikaungua, na tulipofungua tukakuta ringi za pistoni nazo zimekwisha. Nikarudi kwa aliyeniuzia. Akasema spea za injini hii hazipatikani Afrika, toa advansi, usubiri. Nikasubiri. Kila nikipiga simu mzigo uko njiani. Mabaharia wangu wana familia, walikaa wakachoka, wakaenda kutafuta tajiri mwingine, na siwezi kuwalaumu.

Mwisho nikamleta fundi wa Gerezani, mzee aliyekulia kwenye matrekta. Akaenda moja kwa moja upande wa pampu ya dizeli, akafuta rangi kwenye bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, namba ikatokea inaanza na LD. "Mwanangu, hii ni Perkins 4.236. Trekta ya Massey Ferguson 265 inayo hii hii." Gasketi na ringi tulizipata mjini siku hiyohiyo, kwa sehemu ndogo tu ya ile bei ya dola.

Sasa niambieni, siri hapo ilikuwa ya nini? Perkins ilianzishwa Peterborough, Uingereza, mwaka 1932. Massey Ferguson waliinunua mwaka 1959, na hiyo 4.236 ikatoka mwaka 1964. Bloku ileile imefungwa kwenye trekta, kwenye foklifti, kwenye boti. Hata jina linajieleza: silinda nne, ujazo inchi za mchemraba 236, yaani karibu lita 3.9. Nchi hii imelimwa kwa Massey Ferguson miaka na miaka, halafu mtu anasimama dukani ananiambia spea haziko Afrika!

Na si Perkins peke yake. Kampuni nyingi za injini za boti ndogo hazitengenezi bloku. Zinanunua injini ya kiwandani au ya shambani, zinaiongezea vifaa vya bahari, zinapaka rangi yao. Beta Marine ya Uingereza na Nanni ya Ufaransa zinatumia bloku za Kubota ya Japani. Vetus ya Uholanzi na Solé ya Hispania zimetumia sana Mitsubishi. Volvo Penta MD2030, ukiifungua, ndani ni Perkins ndogo yenye asili ya Shibaura, Japani. Yanmar ndio wanaotengeneza bloku zao wenyewe. Hakuna ubaya wowote hapo, ni kazi halali na nzuri, na Beta wanatangaza waziwazi kwamba bloku ni Kubota. Mtengenezaji hafichi. Kinachofichwa kinafichwa hapa kwetu, kaunta ya duka.

Najua atakuja mtu kuniambia bahari si shamba. Sawa, na mimi nasema hivyo. Kile kifaa kinachopoza maji ya injini kwa maji chumvi, manifodi inayopozwa na maji, kiwiko cha eksozi, pampu ya maji chumvi na impela yake, giaboksi: hivyo ni vya bahari, viagize na ulipie. Lakini ringi haijui kama iko Kigamboni au Kilombero. Beringi vilevile, na valvu, na gasketi ya hedi, na fidi pampu, ile ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini.

Ila msikimbilie Kariakoo na neno "Massey" tu mdomoni. MF 275 na 290 zina 4.248, ambayo kwa nje ni pacha wa 4.236, lakini silinda yake ni pana, milimita 101 dhidi ya 98.4. Pistoni na ringi haziingiliani kabisa. Pampu ya dizeli na nozo nazo setingi yake inafuata namba ya injini, kwa hiyo chukueni namba nzima iliyopigwa kwenye bloku, herufi na tarakimu zote, mwende nayo dukani. Kwenye Kubota herufi ya mbele inakupa idadi ya silinda: Z mbili, D tatu, V nne. Tarakimu zinazofuata ni ujazo kwa kukadiria.

Ninachotaka ni kidogo. Kila injini ya boti inayouzwa Dar, risiti iandikwe modeli na namba ya bloku, siyo jina la kwenye kibao tu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani ofisi zake ziko nchini humu humu. Nakusanya karatasi zangu niwapelekee. Aliyepigwa kama mimi aweke hapa aina ya injini na spea aliyoambiwa haipo, twende pamoja.

Na wewe uliyeniuzia, najua unapita humu. Kibao cha Perkins ulikibandua wewe mwenyewe, au kilibanduliwa kabla mzigo haujatoka bandarini? Na advansi yangu unarudisha lini?