Mwanzo 1:26: "Na tumfanye mtu." Mungu alikuwa anaongea na nani?

Msomaji wa Usiku (mleta mada)
Wakuu, salaam. Naomba tujadili kwa ustaarabu, ingawa najua hilo ni ombi gumu humu. Mwanzo 1:26 Mungu anasema, "Na tumfanye mtu kwa mfano wetu, kwa sura yetu." Mstari unaofuata tu anarudi kuwa mmoja: "akaumba", "kwa mfano wake". Kabla ya hapo alikuwa anaamuru peke yake, iwe nuru, ikawa nuru, hakumshirikisha yeyote. Kufika kwa binadamu ndipo "tu" inaingia. Halafu 3:22 tena, "amekuwa kama mmoja wetu", na 11:7 kwenye mnara wa Babeli, "na tushuke". Hao "sisi" ni akina nani, kwa jinsi maandiko yenyewe yanavyojieleza? Msiniambie ni fumbo. Fumbo nimeshapewa tangu mafundisho ya kipaimara.

Mtu wa Galilaya
Mbona jepesi? Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Roho yuko hapohapo 1:2, anatulia juu ya maji. Mwana yuko Yohana 1:3, vyote vilifanyika kwa huyo. Ukijumlisha unapata wangapi? Mada ifungwe.

Kalamu Kavu
Ifungwe wapi, mkuu, wakati hata haijafunguliwa? Mleta mada kasema "maandiko yenyewe yanavyojieleza", wewe umeruka kutoka Mwanzo hadi Yohana kama hakuna kitu katikati. Ndani ya Agano la Kale kuna picha inayojirudia: Mungu kaketi, watumishi wamemzunguka. 1 Wafalme 22:19, nabii Mikaya anamwona BWANA kwenye kiti cha enzi, jeshi lote la mbinguni kulia na kushoto, na anawauliza nani atakwenda kumdanganya Ahabu. Mmoja anasema hivi, mwingine vile, kikao kabisa. Ayubu 1:6, wana wa Mungu wanakuja kujihudhurisha. Ayubu 38:7, dunia inawekwa msingi na wana wa Mungu wanapiga kelele kwa furaha, maana yake walikuwepo! Isaya 6:8, "nimtume nani, naye ni nani atakayekwenda kwa ajili yetu", na maserafi wamesimama hapohapo. Msomaji wa kwanza wa Mwanzo akisikia "tu" anaona baraza la mbinguni. Hakuwa na Yohana mfukoni.

Msema Kweli
Ndugu zangu, alikuwa anaongea na Mwanawe, mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote. Wakolosai 1:15. Mithali 8:30, "nilikuwa pamoja naye, kama stadi wa kazi." Bosi na fundi wake. Utatu ni habari ya Konstantino, mfalme wa Roma, na mkutano wa maaskofu wake kule Nikea mwaka 325, kabla ya hapo hakuna Mkristo aliyeujua.

Mtu wa Galilaya
Hapo kwenye Konstantino ndipo mnaponichosha. Kila mjadala Konstantino! Tertuliano, mwandishi Mkristo wa kale, alilitumia neno Utatu miaka kama mia moja kabla ya Nikea. Yustino Shahidi, karne ya 2, alibishana na Myahudi aitwaye Trifo juu ya mstari huuhuu wa 1:26 na akamwambia Mungu alikuwa anasema na mwingine, si malaika na si yeye mwenyewe. Karne ya 2! Konstantino bibi yake alikuwa hajazaliwa.

Msema Kweli
Yustino aliamini Mwana yuko chini ya Baba. Soma vizuri shahidi wako kabla ya kumpandisha kizimbani. Na kuhusu Konstantino, nani aliyeitisha mkutano? Nani alilipa nauli za maaskofu?

Mtu wa Galilaya
Aliyelipa nauli ndiye aliyeandika imani? Huyohuyo Konstantino alibatizwa mwaka 337, karibu na kufa, na Eusebio wa Nikomedia, askofu aliyekuwa akimtetea Ario, yule aliyefundisha kwamba Mwana ameumbwa. Kwa hiyo mfalme wenu wa Utatu alikufa mikononi mwa upande wenu. Mchukueni.

Domo Kaya
Nimeketi pembeni nafuatilia. Mimi nimegundua jambo moja dogo. Adamu kaumbwa kwa kikao, "na tumfanye". Nenda 2:18, "nitamfanyia msaidizi". Mwanamke hakuitishiwa kikao, wala muhtasari haupo. Alipitishwa dharura. Mengine jazeni wenyewe.

Bi Nuru
Wewe Domo Kaya, jina limekufaa. 1:27 umeirukaje? "Mwanamume na mwanamke aliwaumba." Kikao unachokisema kiliwajadili wote wawili. Mstari uleule, pumzi ileile.

Domo Kaya
Dada, sijamtukana mtu. Nimesoma herufi. 1:26 "tu", 2:18 "ni". Kama "tu" ina uzito huo wote mnaoupigania tangu asubuhi, basi na kukosekana kwake kuna uzito. Au uzito unakuja pale mnapotaka?

Kalamu Kavu
Nachukia kukubali, lakini jamaa kauliza swali zuri kuliko alivyokusudia.

Mzee wa Vitabu
Kwa faida ya wengi: watafsiri wa Kiyunani wa kale, ile iitwayo Sabini, kwenye 2:18 wameandika wingi, "na tumfanyie msaidizi". Biblia ya Kilatini ya Jeromu nayo ni wingi. Kiebrania ndicho chenye umoja. Inaonekana hata wao liliwakereketa swali la Domo Kaya, wakasawazisha.

Bi Nuru
Asante, Mzee. Umesikia, Domo Kaya? Kikao kilikuwepo, muhtasari ukapotea kwa wanaume.

Domo Kaya
Kiyunani ni tafsiri, dada, na mwenye nyumba ni Kiebrania. Halafu Paulo mwenyewe, 1 Wakorintho 11:7, mwanamume ni mfano na utukufu wa Mungu, mwanamke ni utukufu wa mwanamume. Kagombane na Paulo.

Bi Nuru
Sura hiyohiyo shuka mstari wa 11 na 12: mwanamume hapatikani pasipo mwanamke, naye huzaliwa na mwanamke, na vitu vyote asili yake ni Mungu. Nyie watu mnasoma Biblia kama mnavyosoma mikataba, mnaishia pale panapowalipa. Na Mwanzo 5:2 ujibu: "akawaita jina lao Adamu." Jina LAO. Wawili, jina moja. Nakusubiri.

Mtu wa Galilaya
Ona sasa. Nafsi zaidi ya moja, jina moja, asili moja. Dada Nuru kahubiri Utatu bila kujua.

Bi Nuru
Mimi sikuhubiri Utatu, usinitumie. Naongea na Domo Kaya.

Ibn Bahari
Assalaam alaykum. Nimesoma mabandiko yote na nashangaa mnavyojitaabisha. Mfalme akijisema husema "sisi". Ndani ya Qur'ani, Sura ya 15 aya ya 9, "Hakika Sisi ndio tulioteremsha Ukumbusho", na hakuna Mwislamu hata mmoja aliyewahi kuhesabu miungu wawili hapo. Ni wingi wa utukufu. Na kwenye kuumbwa kwa Adamu, Al-Baqara aya ya 30, Mola anawaambia malaika "Mimi nitamweka katika ardhi khalifa". Kauliza mtu? Kawaarifu tu.

Kalamu Kavu
Shehe wangu, karibu. Ila aya hiyo umeileta upande wangu. Malaika wapo, wanaambiwa kabla mtu hajaumbwa, na wanajibu: utamweka humo atakayefanya uharibifu na kumwaga damu? Hiyo ni mbingu yenye watu wanaochangia hoja. Marabi wa Kiyahudi wana simulizi inayofanana sana kwenye Midrashi ya Mwanzo, yaani ufafanuzi wao wa kale wa kitabu hicho: malaika wamegawanyika, wengine aumbwe, wengine asiumbwe, na wakati bado wanabishana Mungu akawa ameshamuumba. Akawauliza mnabishana nini, mtu keshafanyika. Kama sisi humu.

Msomaji wa Usiku
Hiyo ya marabi nimeipenda. Lakini Kalamu, kama alisema na malaika, basi "kwa mfano wetu" inamaanisha tuna sura ya malaika pia? Na Isaya 44:24 anasema alizitandaza mbingu peke yake, "ni nani aliye pamoja nami?" Hapo baraza linakwenda wapi?

Kalamu Kavu
Ndiyo maana 1:27 iko umoja. Kutangaza mbele ya baraza si sawa na kufanya kazi pamoja nalo. Anasema "tu", anaumba mwenyewe. Mfano wa malaika? Sioni tatizo. 3:22 inasema "kama mmoja wetu, kwa kujua mema na mabaya", kwa hiyo kuna jambo ambalo waliopo pale wanalo pamoja.

Mtu wa Galilaya
"Sioni tatizo." Mtu anafuta mafundisho ya kanisa zima kwa maneno mawili.

Kalamu Kavu
Kanisa zima lilianza kusoma kitabu ambacho Wayahudi walikuwa wanacho karne nyingi. Wasomi wamechimba Ugariti, Siria, tangu 1929, wakakuta mabamba yanayomsimulia mungu Eli na baraza la wanawe. Lugha ya baraza ilikuwa hewani ukanda ule wote. Mwandishi wa Mwanzo aliichukua na kuwapunguzia waliokaa pale madaraka hadi wakabaki wasikilizaji.

Mtu wa Galilaya
Kwa hiyo Roho Mtakatifu alinakili kwa wapagani. Tumeelewa sasa unatoka wapi.

Kalamu Kavu
Ninatoka kwenye maandishi. Wewe toka kwenye hasira.

Mzee wa Vitabu
Tupunguze. Ibn Bahari, hoja ya wingi wa utukufu ni ya heshima, ila ina deni. Kiarabu kinayo, sawa. Tuletee mfalme mmoja ndani ya Agano la Kale anayejisema "sisi" akiwa ana maana ya yeye peke yake. Farao kwenye Mwanzo 41:41 anamwambia Yusufu "nimekuweka". Nebukadreza anasema "mimi". Na Mungu mwenyewe, mistari mitatu tu baada ya "tumfanye", 1:29, anasema "nimewapa kila mche". Utukufu uliisha haraka hivyo?

Ibn Bahari
Ezra 4:18. Mfalme Artashasta: "Waraka mliotuletea umesomwa mbele yangu." Mliotuletea, mbele yangu. Mtu mmoja, wingi na umoja ndani ya sentensi moja. Nimelipa.

Mzee wa Vitabu
Hapo Ezra imeandikwa Kiaramu, si Kiebrania, na ni barua ya ofisi ya Kiajemi. Nusu ya deni naipokea.

Ibn Bahari
Basi Daudi, 2 Samweli 24:14. Anamwambia nabii Gadi "na tuanguke sasa katika mkono wa BWANA", kisha hapohapo "wala nisianguke katika mkono wa wanadamu". Kiebrania hicho, na mfalme huyo.

Mtu wa Galilaya
Daudi alikuwa anachagua adhabu ya taifa zima, tauni ikaja kwa Israeli wote. "Tu" pale ni yeye na watu wake.

Kalamu Kavu
Kwa hiyo mfalme wa Israeli akisema "tu", anawahesabu na waliomzunguka?

Mtu wa Galilaya
Ndiyo. Ngoja, hapana. Najua unakonipeleka.

Kalamu Kavu
Ukimaliza, soma Rehoboamu, 1 Wafalme 12:9, anavyowauliza vijana wake wampe shauri gani "tuwajibu" watu hawa. Mwenye kutoa jibu ni yeye peke yake, na "tu" inawameza waliokaa naye. Sijasema kitu.

Msema Kweli
Bado hamjanijibu kuhusu Mithali 8:30.

Domo Kaya
Nimerudi. Dada Nuru, 5:2 nimeisoma mara mbili, jina lao ni moja, sina ubishi. Sasa nauliza kwa heshima zote: kama wote wawili waliitwa Adamu, aliyekula tunda ni Adamu yupi?

Bi Nuru
Wote wawili. 3:6, "akampa na mumewe, naye akala." Mumewe hakuuliza hata swali moja, na kikao hakuitisha.