Walimu wa JSS (sekondari ya chini, Gredi 7 hadi 9) tupeane uzoefu: unawafunzaje watoto kuhusu kazi wakiwa darasani?

Ticha wa Kaptembwo: Jameni walimu wenzangu, leo nimeuliza Gredi 8 kila mtu anataka kuwa nani akiwa mkubwa, watoto 52 majibu yakawa matano tu, daktari, rubani, injinia, wakili, mwanajeshi. Na hawa kila asubuhi wanapita fundi wa viatu, mama wa chapati, jamaa wa kuchomelea mageti, hakuna hata mmoja aliyewataja. Mwaka ujao wanachagua mkondo wa masomo ya senior (sekondari ya juu), STEM yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, ama Sayansi za Jamii ama Sanaa na Michezo, na kila mtoto achague shule 12 juu yake. Nyinyi mnafanyaje?

Mwalimu Kakamega: Hilo swali la unataka kuwa nani liache. Uliza Jumamosi ulifanya nini bila kutumwa. Nilipouliza hivyo nikapata kijana anayetengeneza redio za kijiji kizima, na msichana anayejua kupandikiza parachichi, babu yake ndiye alimfunza. Kumbe nilikuwa nao mwaka mzima sijui.

Mama Watatu Bungoma: Hapo umesema.

Ticha wa Manyatta: Acheni niwaambie yangu, hata leo nikikumbuka tumbo linanikata. Ilikuwa 2024. Niliwaambia waandike kazi ya mzazi, halafu nialike watatu waje waongee na darasa. Msichana mmoja mtulivu sana akaandika mamake ni nesi. Nikampigia mama simu, nikasema tu njoo Ijumaa utuambie kuhusu kazi yako, kazi yenyewe sikuitaja, hapo ndio nilikosea. Ijumaa mama akafika na leso safi na karai limefunikwa gazeti. Ni mama wa mgongo wazi kutoka Obunga hapa Kisumu, si mnajua kiwanda kikishatoa mnofu wa mbuta (sangara) wa kupeleka ng'ambo ile mifupa inauzwa wamama wanaikaanga. Darasa likacheka, kijana mmoja akasema "nesi wa samaki". Mama akaniangalia, kisha akamwangalia mtoto wake. Mtoto akatoka mbio, tukadhani ameenda choo. Saa kumi hayuko. Saa moja usiku hayuko. Mimi na mamake na watu wawili wa boda tumezunguka Kondele mpaka Kibuye, mama haongei, amenishika tu mkono. Saa tatu tukampata kwa shangazi yake Nyalenda, alikuwa ametembea kwa miguu. Nililia mbele ya huyo mama.

Mama Watatu Bungoma: Woi. Pole mwalimu. Pole kwa huyo mtoto.

Baba Gredi 9: Ndio maana nasema hizi kazi-kazi za darasani muache. Wizara yenyewe inataka 60% waende STEM, fundisheni hesabu na sayansi basi.

Mwalimu Kakamega: 60 ni lengo la nchi nzima baba, si la mtoto wako peke yake. Hiyo 25 ya Sayansi za Jamii na 15 ya sanaa na michezo ni ya watoto wa nani?

Baba Gredi 9: Karo ya senior nitalipa mimi, si wewe.

Mwalimu Kakamega: Na akikwama Gredi 11 kwa fizikia asiyoitaka utamwambia nini?

Ticha wa Kaptembwo: Tafadhali msigombane, nina lesoni kesho.

Boda Kisumu Ndogo: Mimi si mwalimu lakini waleteni kwa steji. Tutawaonyesha plagi, kabureta, na daftari la chama.

Ticha Siaya: Usiwapeleke popote na usialike mzazi. Chukua kitu kimoja, mimi nilichukua omena, wale dagaa wa ziwani, wataje kila mkono uliogusa kabla ya kufika sahani. Walianza na mvuvi na mama sokoni. Lesoni ikiisha tulikuwa na anayeshona nyavu, fundi wa boti, wa taa za usiku, dereva, afisa wa samaki, anayesaga chakula cha kuku. Kazi 23. Hakuna mtoto anaumbuka.

Ticha wa Kaptembwo: Hiyo nafanya kesho na chapati. Lakini Ticha wa Manyatta, yule msichana alirudi?

Ticha wa Manyatta: Alikaa nyumbani wiki moja. Mama ndiye alirudi kwanza, Jumatatu, bila kuitwa, akasema Ijumaa hakumaliza. Akaandika ubaoni bei ya mifupa, mafuta, kuni, na vipande vinavyovunjika, akawaambia wamtafutie bei ya kuuza kipande ndio asile hasara. Dakika 40 zote. Wa kwanza kupata jibu ni yule kijana wa nesi wa samaki. Akaenda kumwomba mama msamaha mwenyewe, sikumtuma.

Mama Watatu Bungoma: Na msichana alichagua mkondo gani?

Ticha wa Manyatta: STEM, na kemia ndani. Alikuja kuniuliza kwa nini mafuta ya mamake yakikaangiwa mara nyingi yanakuwa meusi na mazito, nikamwambia sijui vizuri, twende tutafute. Hiyo ndio lesoni yetu ya kwanza tangu ile Ijumaa.