IST inasoma P0340, nimeweka sensa mpya na taa imerudi

Muulizaji, Dodoma
Wakuu, heshima kwenu. Gari ni Toyota IST, injini 1NZ-FE. Asubuhi napiga stata muda mrefu ndipo iwake, na juzi ilinizimikia kwenye mataa. Mashine ya kusoma makosa ya gari ikatoa msimbo P0340. Nimebadilisha sensa ya kemshafti (ile shafti inayofungua vali za injini), kesho yake taa ya injini ikawaka tena. Sasa fundi anasema ninunue kompyuta ya injini. Ninunue?

Fundi umeme wa magari, Morogoro
Usinunue, mkuu. P0340 haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta haipati ishara sawasawa kwenye njia ya sensa ya kemshafti, na njia hiyo ina sensa, soketi na waya. Inaniuma sana kuona mtu anauziwa sensa ya pili na ya tatu kwa sababu tu mashine imeitaja.

Sensa yako ina waya mbili, ndani ni koili na sumaku. Injini ikiwa ya baridi, chomoa soketi, weka mita kwenye omu, gusa pini zote mbili za sensa. Ikisoma kati ya 1,630 na 2,740, koili ni nzima. Angalia na pini za soketi kama zina kutu ya kijani au oili. Halafu toa betri, chomoa soketi ya kompyuta, pima kila waya mwanzo hadi mwisho huku mwenzako akiukunja na kuutikisa. Mita ikirukaruka, umefika.

Mchangiaji
Ya kwangu 1NZ pia, inaleta P0016. Sensa nayo?

Fundi umeme wa magari, Morogoro
Hapana, ndugu. Hapo krenkshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemshafti zote zinasomeka, ila mpangilio wake haupatani. Anza na oili. Ikikaa muda mrefu inageuka tope na kuziba kile kichujio kidogo cha vali ya VVT-i (mfumo unaotumia oili kusogeza mpangilio wa kemshafti), kemshafti inakwama pasipo pake. Vali yenyewe ipime, injini ikiwa ya baridi iwe karibu omu 7 hadi 8. Lakini kama ukiwasha asubuhi unasikia cheni inachakacha, usisafiri nayo. Fungua uangalie cheni na kikazio chake.

Muulizaji, Dodoma
Mkuu, sensa imesoma 2,150. Waya mmoja ndio unakata, pale unapopinda kwenye kishikizo. Plastiki ya nje nzima kabisa, ndani shaba imebaki nyuzi mbili.

Fundi umeme wa magari, Morogoro
Safi sana! Kata hadi ufikie shaba inayong'aa, chomelea kwa risasi, vika mpira unaosinyaa kwa moto. Usikubali kusokotewa na kufungwa selotepu. Uache waya ulegee kidogo kwenye ile kona, kisha futa msimbo. Na sensa uliyoitoa usiitupe, ipime. Huenda ni nzima, na kama ni ya kiwandani irudishe palepale kwenye injini.