Wadau, nyumba tunayoimudu, shule nzuri, na kazini tufike kwa wakati: tupeane uzoefu

Baba Watatu
Wakuu, salaam. Nimefungua uzi huu kwa sababu jana usiku mwanangu wa kwanza, ana miaka saba, amesinzia akivua viatu. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nikamtazama nikasema hapana, hapa tunahama.

Tunaishi mbali kwa sababu kodi ya huku ndiyo tunayoiweza. Shule iko upande mmoja, kazi yangu upande mwingine, ya mama yao upande wa tatu. Nimezunguka miezi minne. Nyumba ikiwa na nafasi, shule ya karibu haina sifa. Shule ikiwa na sifa, nyumba zake hazishikiki. Hayo mawili yakikubali, kazini ni safari. Mliovuka hapa mlivukaje? Naomba wenye watoto waseme yaliyowapata.

Msafiri wa Alfajiri
Mkuu, niko ulipo wewe. Nakaa hapa nisome.

Dalali Mstaafu
Nimefanya udalali miaka kumi na tisa, sasa nimeacha, kwa hiyo nasema bila kuogopa kupoteza mteja. Ukisikia "dakika kumi kutoka shuleni", jua dakika hizo zimepimwa Jumapili asubuhi, kwa gari, barabara tupu. Nenda mwenyewe siku ya kazi, saa ile ile mtakayotoka, kwa usafiri ule ule mtakaotumia. Mchukue mtoto na begi lake mgongoni, mtembee kwa mwendo wake yeye. Jioni rudia njia hiyo hiyo, maana foleni ya jioni ina tabia nyingine.

Halafu nenda siku mvua imetoka kunyesha. Ukikuta ukuta umepakwa rangi mpya sehemu ya chini tu, juu rangi ya zamani, uliza maji hufika wapi. Usimuulize mwenye nyumba. Muulize jirani.

Msafiri wa Alfajiri
Hilo la rangi ya chini limenipata mimi. Kweli tupu.

Bi Dirishani
Huu uzi umenirudisha mbali. Sisi tulinunua nyumba kwa ajili ya shule. Ukisimama jikoni kwetu unaiona bendera yake, kengele ikilia tunaisikia. Aliyetuuzia alinyoosha kidole akasema, "Shule si hiyo hapo?" Hakudanganya, shule ilikuwa hapo. Ila mpaka wa kuandikisha watoto ulipita katikati ya barabara yetu. Nyumba za namba witiri zilikuwa ndani, za shufwa nje. Sisi ni namba 46.

Nilisimama dirishani pa ofisi ya uandikishaji na fomu iliyojaa, yule dada akapitisha kalamu kwenye ramani polepole, akafika kwenye barabara yetu, akasimama. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Miaka mitatu mwanangu alipanda basi kwenda shule nyingine huku akiwaona wenzake wa ng'ambo ya barabara wakitembea kwa miguu. Kila asubuhi aliuliza kwa nini.

Kwa hiyo ndugu yangu Baba Watatu, kabla hujalipa hata senti, nenda shuleni na anwani kamili ya nyumba, uliza kwa maandishi kama mtoto wa anwani hiyo anapokelewa. Uliza pia kama nafasi zipo, maana kuwa ndani ya mpaka hakukupi kiti darasa likiwa limejaa. Na uliza kama mpaka umewahi kusogezwa. Husogezwa.

Kijana Mpangaji
Dada pole. Ila si mngeandika anwani ya shangazi au rafiki wa upande wa pili? Wengi wanafanya.

Bi Dirishani
Mdogo wangu, wakigundua wanamtoa mtoto katikati ya mwaka. Na mtoto unamfundisha kusema uongo akiulizwa anaishi wapi. Sikuweza.

Mwenye Hati
Maneno hayo ni ya wenye uwezo. Mzazi aliyebanwa anafanya linalowezekana. Mimi niliandika anwani ya bibi yake na leo kijana yuko chuo.

Mwalimu wa La Nne
Ndugu Mwenye Hati, nafurahi kijana wako amefika. Lakini kile kiti kilikuwa cha mtoto mwingine aliyekuwa anaishi pale kweli. Mimi ndiye niliyewaambia wazazi wa namna hiyo kwamba nafasi zimekwisha. Nyuso zao ninazikumbuka.

Mwenye Hati
Basi alaumiwe aliyejenga shule moja nzuri na kumi mbovu, si mzazi.

Mwalimu wa La Nne
Hapo sikupingi.

Niseme hili la "shule nzuri", maana ndilo linalopandisha bei ya nyumba zote mnazozililia. Mwaka 1999 mtafiti wa uchumi Sandra Black alichapisha utafiti wa jimbo la Massachusetts, Marekani. Alilinganisha nyumba zilizo pande mbili za mpaka wa shule, mtaa ule ule, kama kwa Bi Dirishani. Alama za mitihani zikizidi kwa asilimia 5, wazazi walikuwa tayari kulipa kama asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba. Mnalipia alama. Na alama kwa sehemu kubwa zinaeleza watoto wametoka nyumba gani, wamekuja wanajua nini tayari. Shule ikipokea waliokwisha kujua kusoma, matokeo yatang'aa hata mwalimu akilala.

Ninachoangalia mimi nikiingia shule ya watu: madaftari. Omba kuona daftari la mtoto wa kawaida, si la anayeongoza. Kuna alama ya vema tupu kila ukurasa, au mwalimu ameandika kitu mtoto anaweza kukirekebisha? Uliza walimu wangapi wameondoka mwaka huu. Tembelea vyoo. Halafu simama getini saa ya kutoka, utazame watoto wanavyoachana na walimu wao. Ziko shule zisizo na jina ambazo ningempeleka mwanangu kesho, na nyumba zinazozizunguka bado zinashikika.

Msafiri wa Alfajiri
Mwalimu, la madaftari sikuwahi kulisikia. Ahsante.

Mama Pacha
Nimesoma kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, nikaweka simu chini nikalia. Ngoja niseme langu, sijawahi kulisema lote.

Tulihamia mbali watoto wakiwa na miaka minne. Nyumba nzuri, vyumba vitatu, uwanja. Hesabu ilionekana imekubali: kodi ilipungua karibu nusu. Shule tukawaacha kule kule kwa sababu ilikuwa nzuri na iko njiani kwenda kazini kwangu. Tukaamka saa kumi na moja alfajiri. Nikawavisha wakiwa wamelala, soksi miguuni wamelala, nikawabeba mpaka kwenye gari wamelala. Nikajiambia watazoea.

Siku hiyo wana miaka sita. Baba yao yuko safarini. Nimetoka kazini saa kumi na moja jioni kama kawaida, mvua ikashuka, daraja likafungwa. Magari hayaendi mbele wala nyuma. Simu yangu ina chaji kidogo, nikapiga shule, haipokelewi, ofisi imeshafungwa. Nikampigia jirani wa nyumbani, naye yuko mbali kama mimi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna mtu hata mmoja karibu na shule ile anayewajua wanangu. Hata mmoja. Wote tunaowajua wako kule tulikolala, na kule tunalala tu. Simu ikazima.

Nimefika getini saa mbili na nusu usiku. Geti limefungwa, taa moja. Nikagonga kwa mikono miwili. Mlinzi akafungua. Wamekaa kwenye benchi lake, koti lake kubwa limewafunika wote wawili, limebaki vichwa tu. Akaniambia, "Mama, hawajalia. Nimewaambia wahesabu magari." Walikuwa wanajua kuhesabu mpaka mia. Walifika mia, wakaanza upya. Mmoja akaniambia, "Mama, tumemaliza mia mara tano."

Sikulala usiku ule. Nilichukua karatasi. Dakika 90 kwenda, 90 kurudi, saa tatu kwa siku. Kwa wiki saa 15. Kwa wiki 46 za mwaka ni saa 690, karibu siku 29 nzima, mchana na usiku. Mwezi mzima wa kila mwaka, wanangu wako ndani ya gari. Nikatafuta usingizi wa mtoto unatakiwa uwe kiasi gani: madaktari wa usingizi wa Marekani, kwenye mwongozo wao wa mwaka 2016, wanataja saa 9 mpaka 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Wangu walikuwa wanapata saa saba na nusu. Miaka miwili.

Tulihama ndani ya mwezi. Vyumba viwili, hakuna uwanja, kodi imepanda, gari tukaliuza. Shule dakika kumi na mbili kwa miguu. Safari ndefu sasa ni ya baba yao na yangu. Kwetu tumekubaliana: mwenye safari fupi kuliko wote nyumbani awe mtoto.

Msafiri wa Alfajiri
Mama Pacha. Sina neno.

Kijana Mpangaji
Yule mlinzi yuko wapi sasa? Mlimshukuru?

Mama Pacha
Amestaafu. Watoto walimchorea picha ya benchi na koti, akaiweka kibandani mpaka siku anaondoka.

Dalali Mstaafu
Koti lake limenikaa moyoni.

Mwenye Hati
Pole sana dada. Hata hivyo nisimame na langu: kupanga ni kumtajirisha mwingine. Nunua mbali, vumilia, mji utakufuata. Chukua mkopo mrefu kabisa ili malipo ya mwezi yawe madogo.

Mhasibu
Kaka, mkopo mrefu nao uutazame vizuri. Tuseme umekopa 100 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, malipo sawa kila mwezi. Kwa miaka 15 utarudisha kama 193. Kwa miaka 25 utarudisha kama 273. Na malipo ya mwezi yamepungua kwa kama asilimia 15 tu. Umeongeza miaka kumi ya deni kwa nafuu hiyo ndogo.

Na nyumba ya mbali usiihesabu peke yake. Andika kodi au mkopo, chini yake nauli au mafuta, matengenezo ya gari, malipo ya anayekaa na mtoto mpaka urudi. Jumlisha. Ndipo ulinganishe na ile ya karibu uliyoiona ghali. Mimi nilipojumlisha, tofauti ilibaki ndogo mno, na hapo sijaweka thamani ya muda.

Mwenye Hati
Lakini mwisho wa miaka 25 nina nyumba. Wewe una risiti.

Mhasibu
Na hapo watoto watakuwa wamemaliza shule miaka mingapi nyuma?

Bi Dirishani
Ndugu zangu, msigombane. Wote mna watoto.

Jirani wa Kazini
Mimi nitasema kinyume cha Mama Pacha, kwa heshima. Sisi tulihamia karibu na kazi yangu. Shule ya mtaa ni ya kawaida sana. Lakini saa kumi na moja na nusu niko nyumbani, tunakaa mezani na madaftari mpaka saa moja. Binti yangu anasoma vizuri kuliko alipokuwa shule ya sifa, enzi ambazo nilimkuta amelala kila siku. Wachumi Bruno Frey na Alois Stutzer walichambua takwimu za Wajerumani, utafiti ukatoka 2008: watu wenye safari ndefu ya kazini hawakuridhika na maisha kama wenye safari fupi, maana yake mshahara na nyumba nzuri havikuwa vimewafidia. Mzazi aliyechoka naye ni sehemu ya shule ya mtoto.

Mama Pacha
Sikupingi hata kidogo. Umeufupisha muda wa mtoto kumsubiri mzazi, kwa upande mwingine.

Kijana Mpangaji
Basi suluhisho ni moja: mzazi aombe kazi shuleni hapo hapo, safari zote zinakwisha kwa mpigo.

Mwalimu wa La Nne
Karibu. Walimu tunahitajika, na mimi ninaishi saa moja na robo kutoka shuleni kwangu, kwa sababu mshahara wa mwalimu haupangi nyumba jirani na shule nzuri.

Baba Watatu
Nimerudi, wakuu. Nimesoma yote mara mbili, na mama yao amesoma.

Jumatatu nilifanya kama Dalali Mstaafu alivyosema. Nimeomba ruhusa kazini, nikamchukua mkubwa na begi lake. Nyumba ya kwanza, iliyoandikwa "dakika kumi", tumetembea dakika ishirini na sita, amesimama mara tatu, na kuna njia panda isiyo na kivuko. Hiyo tumeifuta. Ya pili iko karibu na shule ambayo sikuwahi kuisikia. Dakika kumi na nne. Nikaomba daftari, mwalimu wa darasa akanipa la mtoto aliyekosea hesabu nne kati ya kumi, na pembeni ya kila kosa mwalimu ameandika mtoto alichanganya wapi. Anwani nimepeleka, wamenijibu kwa barua kwamba tuko ndani na nafasi mbili zipo. Ya tatu kwa mdogo bado.

Kazini kwangu itakuwa safari ya saa moja na dakika ishirini. Nimekubali. Shida ni vyumba viwili, watoto watatu, chumba chao kina mita tatu kwa mbili na nusu. Mama Pacha, nyie mliwalazaje?

Mama Pacha
Kitanda cha ghorofa, na kwenu ongeza cha tatu cha kuvuta chini yake. Kabla hujaagiza pima dari: anayelala juu aweze kukaa wima bila kugonga kichwa. Na pima mlango unavyofunguka, sisi tulisahau, ukapiga kitanda. Nipe kesho, nitakuwekea vipimo vyetu hapa hapa.